Siku Mzee Ndululu Alipoulizwa

Jambo la kwanza Mwongeli aliloliona lilikuwa dogo. Baba yake, Mzee Ndululu, alimpa mtu kiti chake.

Kilikuwa kigoda cha miguu mitatu. Tangu Mwongeli azaliwe, hakuna mtu mwingine aliyekikalia. Asubuhi hiyo mzee alikipeleka kwa jirani yao Musyoka, akarudi mikono mitupu.

"Baba, kiti kiko wapi?"

"Nimempa Musyoka. Mimi nakifanyia nini?"

Mwongeli hakuuliza tena. Alikuwa binti wa maneno machache. Alianza tu kuangalia. Mama yake alikuwa amefariki miezi saba iliyopita, na nyumba ilikuwa kimya. Aliona sahani ya baba ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ikirudi jikoni imejaa. Alfajiri alimkuta macho, kama mtu ambaye hakulala. Kisha siku moja mzee akasema, bila kumtazama, "Utapumzika karibuni, mwanangu. Nimekuchosha."

Maneno hayo yalimkaa kifuani. Pale kwao, karibu na Nunguni, watu waliogopa kutaja kujiua. Walisema ukilitaja jambo hilo, umeliita. Basi Mwongeli alinyamaza.

Jumatano ilikuwa siku ya mwethya, kikundi cha majirani wanaochimbiana mitaro ya mashamba kwa zamu. Mzee Ndululu hakuja. Ilikuwa mara ya tatu.

"Ndululu amekuwa bosi," Musyoka alisema, akiegemea jembe. "Anaamka saa nne! Na mimi amenipa kiti. Niiteni mzee!"

"Mzee wa nini, na mtaro wako umepinda?" Kaluki akamjibu. Watu wakacheka.

Mwongeli hakucheka. Machozi yalimdondoka. Mbithe, aliyekuwa akichimba kando yake, aliyaona. Mbithe alikuwa mhudumu wa afya ya jamii. Alimshika mkono, wakasogea mbali na wengine.

"Ni nini, mwanangu?"

Mwongeli alimweleza: kiti, chakula, usingizi, yale maneno. Ilichukua muda, kwa maana aliyatoa vipande vipande.

"Umefanya vizuri kuniambia," Mbithe alisema. "Hizo ni dalili. Mtu anagawa vitu anavyovipenda. Hali chakula, hapati usingizi, anajitenga. Anajiona mzigo. Huo si uvivu. Lazima aulizwe kama anafikiria kujiua."

"Hivyo hivyo, wazi? Si tutamtia wazo?"

"Hapana. Swali halimtii mtu wazo. Linampa nafasi ya kuutua mzigo."

"Lini?"

"Sasa hivi. Twende."

Walimkuta ameketi chini, nyuma ya nyumba. Mbithe akaketi karibu naye. Mwongeli alitaka kukimbilia jikoni, lakini akaketi upande wa pili. Kabla Mbithe hajafungua kinywa, sauti ya Mwongeli ilitoka, nyembamba.

"Baba, unafikiria kujiua?"

Mzee aliinua macho, akamtazama.

"Ndiyo," akasema.

Kisha akalia. Mwongeli hakuwahi kumwona baba yake akilia, hata siku ya mazishi.

Mbithe hakumkemea. Hakumwambia ajikaze. "Asante kwa kutuambia, mzee. Hatukuachi peke yako."

"Mtanipeleka polisi? Si wanasema ni kosa?"

"Tunakupeleka kwa daktari. Huzuni kama hii inatibika."

Walikwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kabla ya kuondoka, Mbithe alimwita Musyoka, akamwomba aondoe nyumbani kila kitu cha hatari. Musyoka aliinamisha kichwa. "Na mimi nilikuwa nacheka," alisema.

Daktari alimsikiliza mzee, akampa dawa na tarehe ya kurudi kuzungumza. Watu wa mwethya walipanga zamu nyingine, ya kukaa naye. Kaluki alimletea uji. Musyoka alikaa naye tu wakipukuchua mahindi. Kanisani mchungaji alisimama akasema, "Aliyelemewa aseme. Hapa hatachekwa."

Mzee hakupona kwa siku moja. Kuna siku hakuinuka kitandani, na Mbithe akaitwa tena. Lakini mwezi wa tatu wa matibabu alimaliza sahani yake. Mwezi wa nne alirudi kwenye mwethya. Alichimba nusu mtaro, akaketi kupumzika, na hakuna aliyemtania.

Siku hiyo, baba na binti walikaa uani wakichambua maharagwe.

"Mwongeli," mzee alisema, "wewe uliniuliza neno gumu, nikakujibu. Leo zamu yangu. Kuna jambo umenificha?"

Mwongeli aliangalia mikono yake. Alitaka kusema hakuna.

"Uliponitoa shule darasa la sita nichunge mbuzi," alisema, "nilikukasirikia, Baba. Bado nimekasirika kidogo. Nataka uishi miaka mingi, niwe na mtu wa kumkasirikia."