Springi za Kulwa

Mwikwabe, jamaa yangu wa Kigera, alikuwaga na kijicho na Probox ya Kulwa. Kulwa akifunga shokapu mpya, yeye halali. Basi Kulwa akafungua springi za nyuma zingali mpya, akaziacha gereji kule Bunda.

Mwikwabe akafika hapo na gari lake, akaziona. "Anaringa huyo! Nifungie mimi."

"Muulize kwanza kwa nini kazitoa," fundi akamwambia.

"Nimuulize ili anicheke?"

Akarudi Musoma peke yake, mvua imetia giza. Alipopita njia panda ya Butiama, nyuma ikadidimia, kwiii, kama mtu mnene amekaa. Kiooni, kiti kitupu.

Nyumbani, kabla hajazima gari, bodi ikagongwa, ngo ngo, kama abiria anayeshuka. Nyuma ikainuka.

Akamsikia mkewe ndani: "Karibu mgeni, kaa."

Kiti cha sebuleni kikalia kwiii.