Baiskeli ya Kulalia ya Mzee Zubery

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumatano tarehe 14 Agosti 1974, Mzee Zubery alirudi nyumbani kwake Ujiji kutoka msikitini akakuta mlango wa ua uko wazi na baiskeli haipo. Vifaa vyake vyote vilikuwa ndani, mezani, alipovikusanya jana yake jioni kuvisafisha: kioo cha pembeni, bendera nyekundu ya kuwaonya wenye malori, mfuko wa turubai, na mpira wa kumwagilia bustani uliopasuliwa urefu wake, ule unaovishwa mnyororo.

Mwizi wa baiskeli ile alikuwa na ujasiri, au hakuwa na akili. Ilikuwa ya kulalia. Fundi Gervasi wa Mwandiga aliiunda kwa baiskeli mbovu mbili, mwaka ule Mzee Zubery alipoumia mgongo kazini kwenye reli. Mpandaji huegemea kiti cha kamba za nyavu, miguu ameinyoosha mbele kwenye pedali, na mnyororo mrefu unapita chini ya paja lake la kulia kwenda gurudumu la nyuma. Ujiji nzima ilimcheka mzee, ikachoka, ikamzoea.

Sasa macho yalikuwa yamemwishia. Jumatatu aliiuza pamoja na vifaa vyake kwa Leonia, mkunga wa kijiji cha Simbo, wakapeana mikono mbele ya mashahidi. Leonia angeichukua Jumatano asubuhi.

Sajini Amuri alifika saa moja na robo, akamkuta Leonia amekaa barazani, ameshika kichwa.

"Pole, mama. Ulikuwa unaihitaji sana?"

"Afande, nyonga yangu hii ni mbovu tangu utotoni. Baiskeli ya kawaida siwezi kuipanda, ila hii naiweza. Mume wangu ndiye hunibeba kwenye keria, nyumba hadi nyumba. Sasa tumehamishiwa kijiji kipya, kamati inasema watu wawili hawawezi kusamehewa shamba la pamoja kwa kazi ya mtu mmoja. Jumamosi niende kikaoni mwenyewe, bila kubebwa. Nikishindwa, kazi anapewa mwingine."

"Na huyo mwingine yupo?"

"Yupo. Amezalisha mbuzi," alisema Leonia, na hakucheka.

Sajini aliinama mlangoni. Vumbi lilionyesha alama za magurudumu mawili, dogo na kubwa, zimenyooka hadi barabarani. Kando yake hapakuwa na nyayo za mtu anayesukuma.

"Haikusukumwa," alisema. "Imepandwa. Mzee, nani anaweza kuipanda hii?"

"Mimi. Gervasi aliyeiunda. Na huyu mama, Gervasi amemfundisha wiki mbili hapa uani."

"Ni hao tu?"

"Assani, yule wa duka la Bangwe, aliitaka aiweke mbele ya duka ivute wateja. Nilipomnyima Jumatatu alinitukana."

Sajini alianza na Assani. Alimkuta nyuma ya mizani yake, amefungwa bandeji kwenye kiwiko.

"Niliijaribu, ndiyo," Assani alisema kwa hasira. "Jumatatu, mbele ya soko zima. Sikufika hatua tano nikawa mtaroni. Waulize, wote walikuwepo, na wote walifurahi!"

Wote waliulizwa, na wote bado walikuwa wanafurahi. Mtu wa namna hiyo hatoki uani kwa watu kwa mstari ulionyooka.

Akabaki Gervasi. Sajini alimkuta karakanani kwake Mwandiga saa nne, mikono yake ina rangi ya chungwa hadi kwenye viwiko.

"Mwakeye, afande," Gervasi alimwamkia.

"Hiyo mikono ina nini?"

"Mawese. Grisi haipatikani madukani mwezi wa tatu sasa. Minyororo yote naipaka mawese. Hata ya Mzee Zubery nimeipaka jana saa kumi jioni."

"Leo alfajiri ulikuwa wapi?"

"Nimelala."

"Nani amekuona?"

"Afande, mimi naishi peke yangu. Nani anione?"

"Nasikia ulimwomba mzee akurudishie hiyo baiskeli. Mara mbili."

Gervasi alisema, "Niliiunda kwa mikono yangu. Niliona uchungu kuiona inauzwa." Hilo lilikuwa jibu la kweli, na lilimponza. Saa sita mchana alikuwa mahabusu kituoni Ujiji, na majirani waliokuwa wakimpelekea matairi yao asubuhi walianza kusema kuwa siku zote walimshuku.

Sajini mwenyewe hakuridhika. Gervasi angeipeleka wapi, wakati kila mtu kati ya Ujiji na Kigoma anajua baiskeli ile ni ya nani? Aliyeichukua hakutaka kuiuza wala kuitumia. Alitaka isiwepo tu. Na kwa nini aliiondoa leo, siku tatu kabla ya Jumamosi?

Saa nane alikwenda nyumbani kwa shangazi wa Leonia, karibu na mwalo wa wavuvi, mahali mkunga na mumewe walipolala. Mume, Dismasi, alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye suruali ya kaki.

"Ulikuwa wapi alfajiri, bwana Dismasi?"

"Mwaloni. Nilitoka saa kumi na moja kununua migebuka, nikarudi saa mbili. Shangazi ameipika kwa mawese, tumetoka kula sasa hivi."

"Saa tatu nzima kwa samaki?"

"Wavuvi walichelewa."

"Hiyo baiskeli wewe umewahi kuijaribu?"

"Mimi na dude lile? Sijawahi hata kulikalia. Nilikuwa namleta mke wangu kujifunza, nakaa pembeni nasubiri." Akaitoa baiskeli yake. "Basi, Leonia, turudi nyumbani. Hapa hakuna tena cha kungoja."

Leonia alijikokota kufuata keria. Dismasi akashika usukani, akarusha mguu wa kulia nyuma kupita juu ya tandiko.

"Shuka," Sajini alisema.

"Kuna nini, afande?"

"Shuka, ugeuke."

Nyuma ya paja la kulia, kuanzia karibu na goti kwenda juu, suruali ilikuwa na mstari wa rangi ya chungwa.

"Hayo ni mawese ya samaki," Dismasi alisema haraka. "Yamenidondokea nikila."

"Ulikula umekalia sahani?"

Shangazi mlangoni alitaka kucheka, akamwona Leonia, akaacha.

"Mchuzi hudondokea magotini," Sajini aliendelea taratibu. "Huu uko nyuma, na umekatikakatika sawasawa, pingili baada ya pingili. Ni mnyororo. Mpandaji wa kila siku hapakwi, kwa sababu mnyororo umevishwa mpira. Mpira jana usiku ulikuwa mezani kwa Mzee Zubery, na wewe hukujua. Baiskeli iko wapi?"

Dismasi aliiegemeza baiskeli yake ukutani. "Kwenye matete ya mto Luiche. Sikuiharibu."

"Ulijifunza lini?" Leonia aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ulipokuwa ukipumzika ndani na mzee. Gervasi akienda kunywa maji, najaribu."

"Kwa nini?"

"Miaka sita, Leonia! Miaka sita nakubeba. Kila nyumba anamozaliwa mtoto nakaribishwa, napewa kiti, naulizwa habari. Wewe ukienda peke yako, mimi nani atanijua? Nitakuwa mtu wa jembe kama wengine. Nikajua baiskeli ikikosekana kamati itarudi nyuma, maana wa mbuzi hawatamkubali. Tungeendelea kama zamani."

"Na Gervasi je?" aliuliza Sajini. "Angeozea ndani?"



"Mimi nilidhani unachoka," Leonia alisema. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Usiku nasikia unavyojinyoosha mgongo. Nimeinunua ili upumzike, Dismasi. Nilikuwa nakuonea huruma."

Sajini alifungua daftari. "Baiskeli iliuzwa Jumatatu, kwa hiyo mali ni yako, mama. Mlalamikaji ni wewe, siyo Mzee Zubery. Gervasi namtoa sasa hivi. Huyu nimfungulie jalada?"

Leonia alimtazama mumewe kama mtu anayepima mimba kabla ya kusema ni ya miezi mingapi.

"Ngoja mpaka Jumamosi, afande. Kwanza aende kwa Gervasi akamwombe radhi mbele ya hao majirani. Kisha Jumamosi asimame kikaoni aseme mwenyewe nani aliyetaka nikose kazi, na kwa nini. Asiposema, Jumatatu nitakuja mwenyewe, na utaandika yote."

Dismasi alitikisa kichwa kukubali.

"Sijasikia," Leonia alisema.

"Nitasema," alijibu Dismasi.