Aliyeitika kwa Jina la Germaine

Mama mdogo wangu Alphonsine hakuwa akisimulia habari hii usiku. Alisema ilitokea mchana, jua likiwa utosini, basi na isimuliwe jua likiwa utosini, ili mtu asidhani kwamba mwanga unasaidia kitu.

Ilikuwa likizo kubwa ya mwaka 1957. Kisangani, ambayo Wabelgiji waliiita Stanleyville, ilikuwa tulivu, na mto ulikuwa umepungua. Ng'ambo ya kushoto mapadri walikuwa wamejenga nyumba ndefu ya matofali mekundu. Upande mmoja ulikuwa bado hauna paa, lakini tayari walikuwa wakiiita université, chuo kikuu. Walisema siku moja watoto wa mto huu watasoma pale mpaka wachoke. Kwa mwaka ule waliita wanafunzi wa sekondari tu: wavulana kwanza, halafu wasichana. Asubuhi ilikuwa misa, katekisimu, Kifaransa na hesabu. Baada ya chakula walilala sieste, usingizi wa mchana. Alasiri yalikuwa mafundisho ya Padri Pierre, aliyepanda meli kutoka chuo kikuu kipya cha Léopoldville, mtu mrefu mwenye miwani aliyependa kuulizwa maswali.

Alphonsine alikuwa mtoto wa Wagenia, wavuvi wa maporomoko. Katika ukoo wao hakuna msichana aliyekuwa amefika sekondari kabla yake. Masere Dominique, mtawa aliyewasimamia wasichana, aliwaambia mapema: atakayefanya vizuri pale ataendelezwa, atakayefukuzwa asitegemee benchi lake shuleni. Alphonsine alilisikia neno hilo akaliweka moyoni.

Rafiki yake aliitwa Germaine. Alitoka upande wa Isangi, mtoto wa Papa Basile, mfanyabiashara wa pirogi, mitumbwi ya mto. Germaine alikuwa mpole kupita kiasi. Ukimwomba kitu alikupa, halafu akauliza kama kinatosha. Kitanda chake kilikuwa dirishani, penye upepo wa mto, na cha Alphonsine kilikuwa jirani yake.

Pembeni kabisa, kwenye ukuta ambao haujapigwa lipu, alilala msichana aitwaye Anne. Wasichana wa Isangi walidhani ametoka Opala. Wa Opala walidhani ni wa mjini. Wa mjini walidhani ni wa Yangambi. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu kila mtu alifikiri mwingine anajua. Pindo la gauni lake lilikuwa na maji sikuzote, hata siku ambazo hakuna aliyefua.

Anne alianza na Alphonsine. Wakati wa sieste alikuja akasimama miguuni pake, akamwomba kwa sauti ya chini wabadilishane vitanda, siku moja tu. Alphonsine akakataa. Kesho yake akaja tena. Alphonsine akamuuliza kwa nini, kwani kitanda ni kitanda. Anne alisimama tu, na maji yakadondoka kutoka kwenye pindo lake hadi sakafuni.

Alphonsine akamgeuzia mgongo. Siku iliyofuata Anne alisimama kwa Germaine, na Germaine akahama kabla ombi halijaisha.

Alasiri ile Padri Pierre alikuwa akifundisha juu ya ubatizo. Aliuliza swali, akatazama benchi zote, akaita, "Germaine."

Anne akasimama.

Akajibu vizuri, kwa Kifaransa safi, kwa sauti ya Germaine. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyegeuka. Padri Pierre akamsifu kwa jina hilohilo.

Alphonsine aligeuka kumtafuta rafiki yake. Germaine alikuwa benchi la mwisho. Mdomo wake ulikuwa wazi, kama mtu aliyeanza kuitika akasahau neno. Pindo la gauni lake lilikuwa linadondoka maji.

Jioni kwenye meza hapakuwa na sahani yake. Masere Dominique alimwona amesimama mlangoni, akamuuliza kwa upole mtoto wa jikoni anatafuta nini huku, akamrudisha kwenye masufuria. Germaine akaenda. Wasichana waliolala naye chumba kimoja waliendelea kula pondu ya majani ya muhogo na samaki, na yule mwingine aliketi mahali pa Germaine, akicheka huku amefunika mdomo kwa mkono, kama Germaine alivyokuwa akicheka.

Hapo ndipo Alphonsine alipokataa. Hakupiga kelele. Alichukua sahani yake, akainuka, akaenda jikoni kula na rafiki yake chini karibu na moto. Masere akamrudisha. Kesho yake akaenda tena. Alipoambiwa apitishe chumvi kwa Germaine, alisema Germaine yuko jikoni. Alipoambiwa aimbe karibu na Germaine, alikaa kimya wimbo mzima. Wenzake walianza kumwogopa yeye. Walinong'ona kwamba Wagenia wana mambo yao ya majini, na huenda yeye ndiye ndoki, mchawi. Hakuna aliyetaka tena kukaa benchi lake.

Masere Dominique alimpigisha magoti uani, juu ya kokoto, jua kali. Alipiga magoti. Alipoulizwa kama ametubu alisema hajui atubu nini. Akarudishwa kwenye kokoto.

Padri Pierre alijaribu kwa njia yake. Alimwita darasani, akaeleza kwa uvumilivu habari za wivu, na jinsi mawazo ya kichawi yanavyodanganya akili. Halafu akamtaka aombe msamaha mbele ya wote. Anne alikuwa amesimama pale mbele, mikono imekunjwa, akingoja. Aliomba Alphonsine asikasirikiwe, yeye alikuwa ameshamsamehe.

Alphonsine alimtazama Padri, siyo Anne.

"Huyu haiko Germaine," alisema. "Unipigishe magoti mupaka kesho, mompere. Haiko."

Basi ikaamuliwa. Siku ya wazazi kuja kuchukua watoto, Alphonsine angekabidhiwa kwa mama yake pamoja na maelezo, na shule yake ingearifiwa. Mama mdogo alisema kilichomwuma ni mama yake, aliyekuwa akisimama majini kila siku akiondoa samaki kwenye mitego, ili binti yake asisimame.

Jikoni, Germaine alikuwa anafifia. Hakuwa amekonda. Ila ukigeuza macho ulisahau kwamba yuko. Mpishi mwenyewe alimkanyaga mara mbili akashtuka kana kwamba amekanyaga kivuli. Alphonsine alimsemesha, akamtajia Isangi, papa yake, wadogo zake. Germaine alimtazama tu. Lakini vidole vyake havikutulia. Alikuwa amegeuza sufuria kubwa juu chini, na kwa vijiti viwili vya kuni alikuwa akigonga. Mgongo wa sufuria ulitoa sauti ya juu, ubavu ukatoa ya chini. Mdundo uleule. Unaanza, unafika mahali, unakatika. Unaanza tena.

Alphonsine hakuelewa maana yake. Alikaa akausikiliza mpaka ukaingia mkononi mwake.

Siku ya mwisho ya sieste, Anne alikuja tena miguuni pake. Wengine walikuwa wamelala, jua limejaa chumba kizima. Aliinama, akanong'ona.

"Kesho minaenda nyumbani. Kule kuna wadogo. Nao wako na vitanda."

Alphonsine aliketi. Alimjibu kwa sauti ileile ya kunong'ona: "Utanikuta kwenye mto."

Wazazi walikuja baada ya misa. Papa Basile alisikika kabla ya kuonekana, kwa sababu watu wa upande wake hawasafiri bila lokole, ile ngoma ya gogo lililochongwa tundu, inayosema kwa sauti ya juu na ya chini. Alijitangaza kutoka katikati ya maji. Kisha akafika, mtu mnene mwenye furaha, akapanda ngazi za udongo, akafungua mikono. Anne akaingia ndani ya mikono ile. Papa Basile akambusu kichwani. Alisema mutoto amekuwa muzito, mapadri wanalisha vizuri.

Wakashuka bandarini. Watu walikuwa wengi, wakiagana. Mama yake Alphonsine alikuwa bado hajafika. Masere Dominique alimwambia abaki pale ngazini asitikisike.

Akashuka.

Akaingia majini na gauni lake la misa, mpaka kiunoni, akashika pua ya pirogi ya Papa Basile. Anne alikuwa ameshaketi ndani. Mpiga kasia, kijana wa Papa Basile, alimwambia aachie. Hakuachia. Masere alimwita kwa jina lake lote. Hakugeuka. Papa Basile, akidhani ni mchezo wa marafiki, alimwambia kwa upole, "Achilia, mama. Jua inapanda."

Alphonsine akainua mkono uliokuwa huru, akagonga ubavu wa pirogi. Kwa kiganja sauti ya chini. Kwa vifundo vya vidole sauti ya juu. Mdundo wa sufuria. Mpaka pale unapokatika.

Papa Basile aliacha kucheka.

Kwao kila mtoto hupewa na baba yake jina la ngoma, refu kama methali, ambalo haliandikwi na padri wala halisemwi shuleni. Jina la Germaine lilikuwa: majani ya ukingoni hayafuati maji. Baada yake hufuata mkia, jina la baba na la mama. Mkia huo haukuwa umepigwa.

"Nani alikufundisha jina ya mutoto yangu?" aliuliza.

"Muulize huyu amalizie," Alphonsine alisema.

Papa Basile akamgeukia aliyeketi ndani. Akaita jina kwa lokole yake, akalisimamisha palepale, akamsukumia fimbo za ngoma. Alisema, "Malizia."

Anne alizitazama fimbo. Akatabasamu. Akafunika mdomo kwa mkono, akacheka kama Germaine. Hakuzishika.

Papa Basile akasema tena, safari hii polepole, "Malizia, mutoto."

Hapo juu, kutoka jikoni, sufuria ikajibu.

Ilimalizia mkia wote. Jina la baba. Jina la mama. Watu bandarini waliacha kuagana, hata wasiojua lugha ya ngoma. Papa Basile alisimama pirogini, nusura aanguke. Aligeuka kutazama ngazini. Kila mtu aligeuka. Alphonsine peke yake hakugeuka, kwa sababu alikuwa ameshika pua ya pirogi na macho yake hayakutoka kwa Anne.

Nilimuuliza mara nyingi aliona nini. Alisema Anne hakuruka. Hakuzama. Alimtazama kwa makini sana, kama mtu anayekariri uso. Kisha pirogi ikapanda juu, ghafla, kama imeshushwa magunia. Maji hayakufanya hata duara.

Germaine alishuka ngazi na sufuria kifuani. Alikuwa analia kwa sauti, na sauti ilikuwa yake. Papa Basile alimkumbatia yeye na sufuria pamoja. Masere Dominique alikuja mbio, akasimama, akasema jambo ambalo Alphonsine hakulisahau: alimuuliza Germaine kwa nini anasafiri na sufuria ya jikoni.

Hakuna aliyekumbuka. Padri Pierre alimpa Alphonsine mkono wa kwaheri, akamwambia amekuwa mwanafunzi mkimya lakini mwenye akili, akauliza magoti yake yamepatwa na nini. Alphonsine akamwambia, mbele ya masere, kwamba alipigishwa magoti juu ya kokoto kwa kusema ukweli. Masere alisema haiwezekani, yeye haadhibu hivyo. Alphonsine akaacha gauni lipande kidogo ili waone vizuri, halafu akaenda kumpokea mama yake. Aliendelea na masomo. Hakuwahi kuwashukuru.

Pasaka iliyofuata alikwenda Isangi kwa familia ya Papa Basile. Walikuwa wanakula mchana, nje, watu wote wa nyumba pamoja, samaki na chikwangue, mkate wa muhogo. Lokole ya Papa Basile ilikuwa imeegemezwa ukutani, nyuma ya kiti chake.

Kutoka mtoni ngoma ikaita. Iliita jina la Germaine, lote, na mkia wake. Ilipigwa kwa mkono wa kushoto mzito, namna ambayo mto mzima ulijua ni mkono wa Papa Basile. Papa Basile alikuwa ameketi kati yao, samaki mkononi.

Kwenye maji hapakuwa na pirogi hata moja.

Wadogo walitazamana. Germaine alijimegea chikwangue, akasema, "Wacha ipige. Mimi minakula." Hakuna aliyeitika.

Ngoma ikanyamaza. Halafu ikaanza jina jingine. Papa Basile alisikiliza hadi mwisho, polepole akaweka samaki chini, akamtazama Alphonsine. Alphonsine, Mgenia ambaye hakupewa jina na ngoma ya mtu yeyote upande ule, aliuliza inasema nini. Papa Basile alikataa kumwambia. Alikataa mwaka ule, na miaka yote, hadi alipokufa.

Basi mama mdogo akalichukua jina lile. Alisema kama amepewa, ni lake, na atalitumia apendavyo. Alilishika mkononi palepale mezani, na tangu siku ile alibisha nalo mlango wa kila nyumba aliyoingia, ya kwake na ya watu, akiwa mwalimu, akiwa mke, akiwa mzee mwenye fimbo. Mimi ninaujua mdundo ule tangu utoto. Nimewapigia wazee wa Isangi juu ya meza niwaulize maana yake. Wengine husema hawaukumbuki. Mmoja aliinuka akafunga dirisha, na ilikuwa saa sita mchana.

Na mama mdogo alipokwenda kumtembelea Germaine kule, akabisha kwa mdundo wake, watu wa nyumba walikuwa hawafungui mpaka aseme jina lake kwa mdomo. Nyakati nyingine, Germaine aliwahi kuniambia, hata mama mdogo akiwa mbali, mdundo hugongwa, wanangoja jina, na halisemwi.