Uso wa Kaisari

Zama zile, kila mji wa pwani ulipokuwa na ukuta wake na mfalme wake, mji wa Shakani ulizingirwa na majeshi ya Fumo Kirongo. Visimani palibaki maji ya siku kumi. Ndipo Mwinyi Shambi, akimwacha mkewe na mamaye ndani, akashushwa ukutani kwa kamba, na katika pindo la shuka lake imefungwa sarafu ya dhahabu.

Sarafu ile haikuwa na ya pili. Upande mmoja palikuwa na uso wa Kaisari wa Rumi, kavaa taji la majani; upande wa pili, mwanamke mwenye mbawa. Ililetwa enzi za kale na wafanyabiashara walioshuka kutoka Bahari ya Shamu kufuata pembe za ndovu na magamba ya kasa. Juu yake wafalme wa Shakani na wa mji wa Ukindu waliapiana: atakayeuonyesha uso ule Ukindu, apewe askari siku hiyo hiyo.

Shambi alifika Ukindu siku ya nne, nyayo zimechanika. Akapokewa na Bwana Tosiri, msimamizi wa wageni wa malkia, mzee mpole kupita kiasi.

"Nina neno la haraka kwa malkia, bwana wangu."

"Oga kwanza, mwanangu, ule, ulale. Hapa kwetu mgeni haulizwi shida yake kabla ya siku tatu, wala haisemi. Ukiisema umetutukana."

"Watu watakufa kwa kiu."

"Sijasikia," alisema Bwana Tosiri, na kweli alikuwa ameziba masikio kwa vidole.

Shambi alikula matonge mawili tu ya wali wa samli. Alipopitiwa na usingizi, shuka lake likachukuliwa kufuliwa. Alipoamka alilidai kwa ukali, akajibiwa kwa tabasamu kwamba vitu vyake viko mahali pema. Angeweza kumkaba mtu.

Siku ya tatu akaitwa barazani. Malkia Mwana Inali alikaa kwenye kiti cha mpingo, wazee kulia na kushoto, na shingoni mwake kidani kipya cha maua ya dhahabu.

"Ahsante kwa zawadi," alisema malkia. "Sonara wangu hajapata kufua dhahabu laini kama hii."

Shambi alimgeukia Bwana Tosiri. "Umefanya nini?"

"Nimekusitiri, mwanangu. Malkia hapelekewi dhahabu isiyofuliwa. Dhahabu ya sarafu yako haikupungua hata chembe."

"Si ungeniuliza?"

"Ningekuulizaje, na siku zako zilikuwa hazijatimia?"

Shambi akaeleza yote kwa hasira: kiapo, uso, visima. Mwana Inali alikishika kidani kwa mkono.

"Mimi namwamini," aliwaambia wazee.

"Babu zetu waliapa kwa uso, Mwana," alijibu mkubwa wao. "Kesho Kirongo naye atatuletea dhahabu na maneno matamu. Tutamtambuaje?"

Wakabishana kwa adabu hadi alasiri, na malkia akashindwa. Shambi wakampa pole na chakula cha njiani.

Chakula alikikataa. Alirudi na mkuki wa kuazima, akilaani njia nzima, akalikuta lango la Shakani limeng'olewa na adui wanateka maji. Walionusurika walisimulia kwamba alipigana pale langoni mpaka akaanguka, akifoka juu ya maua ambayo hakuna aliyeyaelewa.

Kidani kilibaki. Vizazi kwa vizazi maharusi wa Ukindu walikivaa, na kila aliyekiona alikisifu. Hakuna aliyewaambia kwamba wamevaa mji wa watu shingoni.