Jibu Nililompa Papa Hilaire

Kila asubuhi, kabla nyanya hajaamka, nilifua vitambaa vya mama kwenye kijito. Kisha nilibeba maziwa na kushuka nayo kijiji cha Kibabi kuuza. Ilikuwa mwaka 1954, nami nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Kazi ile ya kijitoni tuliijua wawili tu, mimi na mama.

Mama alikuwa akitokwa damu isiyokoma. Kwetu wafugaji, mwanamke aliye katika siku zake hakunywa maziwa, eti ng'ombe wangekauka maziwa. Nyanya, mama yake baba, angejua, angemkataza kugusa vyombo vya maziwa, na majirani wangeyakataa maziwa yetu. Basi mama aliacha maziwa kimyakimya, akakonda, akanyamaza.

Kiuno kilipozidi kumuuma, nilimpeleka kwa Papa Hilaire, muuguzi wa zahanati ya Kibabi. Papa Hilaire alikuwa mtu wa Walikale, hakujua Kinyarwanda chetu. Mama hakujua Kiswahili. Kwa hiyo mimi, Kamaliza, nilikuwa mkalimani wao.

"Kamaliza, uliza mama: damu inatoka tangu wakati gani?"

Mama akanijibu kwa sauti ya chini kwamba ni mwaka mzima. Lakini mlangoni alikuwa ameketi Mama Annonciata, mnunuzi wetu wa maziwa, ametega masikio. Uso ukanichoma kwa haya.

"Tangu mwezi moja, Papa."

"Na usiku analala muzuri?"

"Analala, Papa." Uongo mtupu! Usiku kucha mama aliuma shuka asilie.

Papa Hilaire akaandika. "Kama iko mwezi moja tu, tumaini liko. Daktari atamupima akikuja. Mwambie asiogope."

Hayo niliyatafsiri neno kwa neno, tena kwa sauti. Mama akatabasamu, mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Tulipofika nyumbani alimwambia baba, "Basi Karekezi asisumbuliwe. Nitamwona Krismasi." Karekezi ni kaka yangu, alikuwa akifanya kazi kwenye machimbo huko Walikale, na baba alitaka kumwita arudi. Wakati huo tulikuwa mwezi wa tano.

Siku tatu nilipita mbali na zahanati nikienda kuuza maziwa. Je, kama Krismasi haitamkuta? Siku ya nne nilirudi zahanati, nikamngoja mgonjwa wa mwisho atoke, nikasema yote huku nikitazama miguu yangu.

Papa Hilaire aliweka kalamu chini. "Mutoto wangu, mimi sina macho ya kuona siku zenye zinakuja. Niko na maneno yenu tu. Ukinipa uongo, na mimi nitamupa mama yako uongo."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Daktari alipokuja, wiki iliyofuata, alimpima mama, akamwambia Papa Hilaire: ni kansa ya mlango wa kizazi, imeshaenea, haipasuliki tena. Papa Hilaire alipanda mwenyewe hadi kwetu. "Miezi mitatu, pengine mine," alisema. "Krismasi, hapana. Mwambie."

Nyanya alikuwa amekaa palepale. Nilitafsiri jina la ugonjwa tu, nikaishia hapo.

"Sema yote," mama akaniambia. "Na ule mwaka pia."

Nikasema yote.  Nyanya akainuka, akachukua chombo chake mwenyewe cha maziwa, akapiga magoti mbele ya mama.

"Mwaka mzima, nami nipo hapa hapa? Kunywa, mwanangu. Wakikauka, wakauke." Mama akanywa huku machozi yakimtoka. Ng'ombe hawakukauka.

Siku ileile baba alimtuma mtu machimboni kwa njia ya Kalembe. Karekezi alifika baada ya siku kumi, matope mpaka magotini. Mama alimshika uso kwa mikono miwili, hakumwachia. Walikaa pamoja wiki tisa.

Baada ya mazishi nilimuuliza Papa Hilaire, "Ningesema kweli siku ile, mama angepona?"

"Hapana. Ilikuwa imechelewa. Kama angekuja mwaka ule uliopita, pengine. Haya ilimuzuia." Akaniwekea mkono begani. "Kwa hiyo ukiwa mukubwa, ukiona damu isiyokoma, kuja siku ileile. Na mugonjwa asifichwe kweli. Siku zake ni zake, si zako."

Nimewafundisha binti zangu hivyo, na wajukuu. Lakini zile siku nilizowanyima mama na Karekezi, kabla hajaitwa, mpaka leo sina wa kumrudishia.