Shikamooni!

Haya, sogeeni karibu. Leo tunakwenda kwa mfalme!

Huyu ni Raya. Ana miaka mitano, na ana sauti ndogo, ndogo mno.

Raya akiamkia watu, hakuna anayemsikia.
"Shikamoo."
Kimya!

Halafu Mama humkaripia. "Wewe Raya, mbona huamkii watu? Huna adabu?"
"Nimeamkia, Mama!"
"Nani kakusikia?"
Raya huumia sana. Adabu anayo, jamani!

Leo Mama amewaleta Raya na mdogo wake kwenye jumba la zamani la wafalme. Wafalme hawapo tena. Vitu vyao vipo, na watu huja kuvitazama.

Chini mlangoni, viatu huvuliwa. Kamba za viatu vya mdogo wake Raya zimekaza.
"Tangulia, Raya, nakuja," akasema Mama. "Na uamkie watu!"

Raya akapanda ngazi. Pa, pa, pa. Akachungulia ukumbini.

Lo! Maua ya dhahabu! Ndege wa dhahabu! Taa zinameremeta, hata kuhesabu huwezi.

Na katikati ya maua hayo, mabibi wengi! Wote wamevaa kanga nyekundu. Wote wameinama, wanasugua. Swii, swii, swii.

"Hawa wote niwaamkie?" Raya akajiuliza. Lakini adabu ni adabu.

"Shikamoo," akasema.
Kimya! Swii, swii, swii.

Akasogea kidogo. "Shikamoo!"
Kimya! Swii, swii, swii.

Machozi yakamlengalenga. Sasa Mama atakuja, atasema tena hana adabu. Raya akavuta pumzi mpaka tumbo likajaa.

"SHIKAMOONIIII!"

Mabibi wote wakageuka kwa pamoja. Wote wakacheka.

"Marahaba, mjukuu wangu!" akasema bibi mmoja. "Mbona 'shikamooni'? Mimi niko peke yangu."
"Hapana, Bibi. Mko wengi. Wale pale!"

Bibi akacheka mpaka kitambaa kikamdondoka. "Vile ni vioo! Mimi ni Bi Mkasi, navifuta kila siku. Njoo uone."

Raya akaingia katikati. Alaa! Raya huku, Raya kule, na nyuma yao Raya wengine! Wote wazuri, wote macho yamewatoka.

"Umeamkia wengi," akasema Bi Mkasi, "basi utaitikiwa na wengi."
Akageukia kioo kimoja kimoja. "Marahaba! Marahaba! Marahaba!"

Mara Mama akatokea, anahema, mtoto mgongoni.
"Nani huyo aliyeamkia? Nimemsikia mpaka chini!"

"Ni mimi, Mama," akasema Raya, kwa sauti yake ile ile ndogo.

Na safari hii, Mama akamsikia.