Jibu Lililochelewa

“Yuko nyuma yako, dada. Begi jeusi.”

“Nimemwona,” Evarista alimjibu mwenzake kwenye kinasa sauti kilichofichwa chini ya ushungi.

Nani asingemwona? Soko zima la mahindi Kibaigwa lilimwona. Bwana mzima anajiita mnunuzi, anapita gunia hadi gunia bila bambo mkononi! Mnunuzi gani asiyechoma gunia akaona punje za ndani? Madalali walishaanza kumcheka.

Huyo ndiye Octavian, kibaraka wa majasusi wa kigeni. Mfyuu!

Evarista, ofisa wa Idara ya Usalama, alikuwa na Glock kiunoni na ufunguo wa Land Cruiser mfukoni. Gari lenyewe liliegeshwa mbali, nyuma ya gesti. Ndani yake mlikuwa na mashine ya mawasiliano ya siri ya serikali.

Mashine kama hiyo iliibwa garini mwezi uliopita, mtaa wa Miyuji, Dodoma. Kioo hakikuvunjwa, kitasa hakikukwaruzwa. Wakubwa wakakuna vitambi, wakaamua: ufunguo alikuwa nao dereva Thobias, basi mwizi ni Thobias. Mpaka leo yuko mahabusu, mkewe anashinda getini na kikapu cha chakula. Akili hizo!

Evarista aliwaeleza mpaka akachoka. Begi moja lenye kifaa cha kunasa mawimbi linakaa karibu na ufunguo, jingine karibu na gari. Yanapokezana mawimbi, gari linadhani mwenye ufunguo yuko mlangoni. Nani amsikilize?

Ndipo Tumsifu, fundi wa Idara, akafunga kitasa kinachopima muda. Gari linauliza, ufunguo unajibu. Jibu likichelewa hata chembe, ufunguo uko mbali. Mawimbi unaweza kuyaongezea nguvu upendavyo, lakini njia huwezi kuifupisha.

Octavian akasogea, akamsimamia Evarista begani. Hata salamu hakutoa.

“Za soko, kaka?”

“Ee… nzuri.” Jasho lilimtoka.

“Varga yuko mlangoni pa gari,” sauti ya Tumsifu ilinong’ona kwenye kifaa cha sikioni mwa Evarista. “Gari limeuliza. Jibu limechelewa. Linasoma mita mia mbili.”

“Liache likubali jibu, lifunguke,” Evarista alinong’ona.

Varga, bosi wa Octavian, akaingia akitabasamu. Mlango ukajifunga nyuma yake.

Akavuta kitasa. Wapi! Akapiga kioo kisichopenya risasi. Mwisho akaanza kupiga honi, jasusi mzima, mpaka wabeba magunia wakaja kumtazama.

Octavian akatimua mbio. Evarista akamtega mguu, akamwangusha juu ya mahindi yaliyoanikwa na kumtia pingu.

Simu ikaita. Mkuu wake, kutoka Dodoma mjini.

“Evarista, gari liko salama?”

“Limefunguliwa, mkuu. Kwa ufunguo wangu. Nami niko sokoni, ufunguo uko mfukoni mwangu, na kitasa kimeandika umbali. Mnanifunga na mimi?”

Evarista akamkalisha Octavian kando ya gunia.

“Thobias atoke leo, mkuu. Ukamtoe wewe mwenyewe, umwombe radhi mbele ya mkewe.”

Akakata simu.

Akaazima bambo kwa dalali, akachoma gunia, akazitazama punje kiganjani.

“Haya mazuri,” alisema. “Nipakilie. Ya nyumbani kwa Thobias.”

Kisha akamwinua Octavian, akaondoka naye taratibu kuelekea garini, huku honi bado inalia.